Kadi: Mkibaki Wawili, J Si Ile Ile

Leo tuache mambo ya seva kidogo tuongee kuhusu kadi, mchezo ambao wengi huku wanauita poka ingawa si ile poka ya kasino. Kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, jua likiwa kali na steji ya bodaboda ikiwa haina abiria, watu hukaa kivulini wakacheza. Mmoja akipata mteja, anaweka kadi chini na kuondoka. Walikuwa wanne, sasa ni watatu, baadaye wawili. Kadi zinagawanywa upya, lakini waliobaki wanacheza kama bado ni wanne. Hapo ndipo pesa ya mafuta inapopotelea.

Maoni yangu ni haya: idadi ya wachezaji ni sehemu ya kanuni. Ikibadilika, umeingia mchezo mwingine.

Chukua J. Kila J inaruka mtu mmoja. Mkiwa wanne, unahitaji J tatu kwa mpigo ili zamu ikurudie. Mkiwa watatu, mbili. Mkiwa wawili, moja inatosha. Sasa aliyezoea meza ya watatu anatupa J mbili pamoja wakiwa wawili tu: ya kwanza inamruka mpinzani, ya pili inamruka yeye mwenyewe, na zamu inaenda kwa mpinzani! Mkiwa wawili, tupa J moja moja.

K ndiyo inayowasumbua waandishi wa programu. Kazi yake ni kugeuza mwelekeo. Lakini mkiwa wawili, wa kulia kwako na wa kushoto ni mtu mmoja. Ukiandika kodi ya kawaida ya kuhesabu zamu, K itakuwa haifanyi lolote. Vijiweni, wengi wanasema K inarudisha zamu kwa aliyeitupa. Hizo ni kanuni mbili tofauti, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kugawa.

Halafu 2 na 3. Mkiwa wanne, adhabu inamwangukia anayekufuata, hata kama anayekaribia kumaliza ameketi mbele yako. Mkiwa wawili, inampata yule yule unayetaka kumzuia. Na kwa kuwa kwa kawaida huruhusiwi kumaliza kwa 2 au 3, usizikalie. Kumbuka tu kwamba akijibu kwa 2 yake, mzigo unarudi kwako, hakuna mwingine wa kuubeba.

Mwisho ni hofu ya A, inayobadilisha aina ya kadi ukiwa umeshapanga kumaliza. Tuchukue kadi 54 pamoja na joka mbili, kila mtu akipewa nne, wewe huna A na iliyofunuliwa si A. Uwezekano kwamba kuna mpinzani aliyeanza na A ni karibu asilimia 69 mkiwa wanne, lakini karibu asilimia 30 mkiwa wawili. Kwa hiyo mkiwa wachache, thubutu zaidi.

Hata kwenye poka ya kasino hesabu hii ni nzito. Mwaka 2017 programu iitwayo Libratus iliwashinda wachezaji wa kulipwa, mmoja dhidi ya mmoja. Kwa meza ya watu sita, watafiti walilazimika kutafuta mbinu nyingine, na Pluribus ikatangazwa mwaka 2019. Kuongeza viti hakukutosha.

Basi ndugu zangu mnaotengeneza gemu za kadi za simu, msiifanye idadi ya wachezaji kuwa kitufe tu cha kuchagua 2, 3 au 4. Mwulizeni mchezaji kanuni ya K, na ijaribuni programu kwa kila idadi. Na nyinyi wa Kitui, Mutomo, Wote na Makindu: mkibaki wawili, K yenu inafanya nini? Niandikieni.