Damu ya mimba si damu ya Ebola

Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, watu walifundishwa dalili zake: homa, kutapika, kuumwa na tumbo, kutoka damu. Lakini mimba ikiharibika, damu inatoka pia, na uzazi mgumu unaleta homa. Basi mama anafika maternite akitafuta mzalishaji, anatengwa kama mshukiwa, anangojea jibu la laboratwari. Mtoto hangojei. Wako walioona heri kuzalia nyumbani, na mimi siwalaumu.

Chanjo nayo! Mwanzoni wenye mimba na wanaonyonyesha hawakupewa, mpaka 2019 amri ilipobadilishwa. Ueleze namna gani kijijini kwamba dawa inayookoa watu wote haimfai mama?

Ebola hiyo ilikwisha tarehe 25 Juni 2020, Covid ikiwa imekwisha kuingia Kinshasa tangu Machi. Woga wa hospitali ukapata jina jingine.

Sisi wa lugha za Kiafrika tunahusika. Neno «kutoka damu» peke yake linachanganya damu ya mwezi, ya mimba inayoharibika, ya baada ya kuzaa, na ya ugonjwa. Wanawake wanazitofautisha, mara nyingi kwa mafumbo, maana mambo hayo hayasemwi wazi mbele ya muuguzi mwanaume. Mafumbo hayo, kwa Kinande na kwa Kiswahili cha Beni, nani ameyaandika? Memwari juu ya viambishi tunazo kabati zima. Walimu wetu, mpokee basi moja juu ya maneno haya, ikusanywe na wanafunzi wa kike pamoja na wazalishaji, kabla ya mlipuko mwingine.