TAHARIRI: Wafadhili wakiondoka, nani atalipia chanjo ya watoto wa Isiolo?

Hebu tazama mkono wako wa kushoto, chini ya kiwiko. Ukiona kijikovu cha mviringo, hiyo ni BCG, chanjo ya kifua kikuu uliyodungwa ukiwa mchanga. Wengi wetu hatujawahi kuuliza ililipiwa na nani.

Sasa lazima tuulize. Juni 2025, shirika la Gavi, ambalo tangu 2000 husaidia nchi zenye kipato kidogo kununua chanjo, lilikutana na wafadhili jijini Brussels likitafuta dola bilioni 11.9 za kazi ya miaka mitano. Liliahidiwa zaidi ya bilioni 9. Waziri wa Afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., alisema nchi yake haitachangia tena. Na hata kabla ya hapo, Kenya ilikuwa njiani kuachishwa ziwa: kufikia mwisho wa muongo huu tunatarajiwa kujilipia chanjo zote wenyewe.

Kuna watakaosema ni sawa tu, tumechoka kuombaomba. Hata sisi twakubali. Shida ni hii: katikati ya mwaka huohuo wa 2025, kliniki nyingi nchini ziliishiwa BCG na matone ya polio. Hizo mbili si za Gavi. Ni chanjo ambazo serikali yetu hununua kwa pesa zake. Yaani tuliteleza palepale ambapo mzigo ni wetu. Je, tukiongezewa bili ya chanjo ya nimonia, ya kuhara kwa rota na ile ya tano kwa moja, itakuwaje?

Mama wa Nairobi akiambiwa "rudi wiki ijayo", atalalamika kisha apande matatu tena. Isiolo si hivyo. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 pekee. Mama wa kule Merti ama Sericho huenda ametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni. Wiki ijayo familia itakuwa imehama na mifugo kufuata malisho. Akirudi mikono mitupu leo, huenda asionekane tena.

Surua haingoji. Dozi yake ya kwanza ni miezi 9, ya pili miezi 18, na ili isienee, watoto 95 kati ya kila 100 wanafaa kupata zote mbili. Mfugaji yeyote analielewa hili: ukichanja nusu ya kundi, ugonjwa umepata pa kuingilia. Na ukiingia, mtoto wa Bulapesa mjini hayuko salama kuliko wa manyatta.

Kununua chanjo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kuifikisha ikiwa baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, ni kazi ya kaunti: friji, gari, mafuta, muuguzi. Mwanya ukitokea, kila upande humrushia mwenzake mpira.

Hapo ndipo tunaingia sisi vijana. Mwaka 2024 tuliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, tukaufafanua TikTok hadi nyanya nyumbani akaelewa. Macho yaleyale tuyageuzie makadirio ya bajeti, ambayo hufika Bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka. Pesa za chanjo ni ngapi? Zimetoka lini? Isiolo nayo, MCA wako aulizwe: mafuta ya kupeleka kliniki tamba huko mashinani yametengewa shilingi ngapi?

Tunataka pesa za chanjo zitengwe na zilindwe, zisiguswe hata hazina ikikauka. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya. Hakisemi "mfadhili akipenda".

Na leo ukifika nyumbani, fungua kijitabu cha kliniki cha mdogo wako. Kama kuna dozi imerukwa, usingoje mtu. Mpeleke.