Kuhamisha mafuta ya mwili: dawa au pambo?

Wengi wetu tulio Pwani tukisikia kwamba kuna madaktari wanaotoa mafuta tumboni mwa mtu na kuyatia makalioni, twadhani hayo ni mambo ya Nairobi, ya waimbaji na watu wenye pesa za kuchezea. Mimi nimeyasikia katika nchi ya chai. Katika saluni moja ya Litein, kaunti ya Kericho, nilipokuwa nikingoja zamu yangu, wasichana wawili walikuwa wakitazama katika simu picha za mwanamke mmoja, kabla na baada. Mmoja wao alitaka kujua kama hiyo ni dawa ya kumeza au ni kisu. Wenzake walicheka tu, hakuna aliyemjibu.

Naona swali lake lastahiki jibu, kwani lawahusu pia dada zetu wa Mombasa, Lamu na Unguja. Wala tusijifanye wageni wa jambo lenyewe. Bibi harusi wetu hutawishwa ndani, akalishwa, akasingwa kwa liwa, ili atoke amejaa na ngozi imenawiri. Kupenda umbo lililojaa hakukuletwa na simu. Kilichokuja na simu ni ahadi kwamba umbo hilo laweza kununuliwa kwa siku moja.

Kazi yenyewe

Si dawa ya kumeza, ndugu msomaji. Ni upasuaji, ingawa majeraha yake ni madogo. Kwanza mgonjwa hutiwa ganzi au hulazwa kwa nusukaputi. Kisha daktari humwagia chini ya ngozi ya tumbo au mapaja maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini, ambayo huibana mishipa ya damu ili isivuje sana. Njia hiyo ya maji ilianzishwa na daktari Mmarekani, Jeffrey Klein, katika miaka ya 1980. Ufyonzaji wenyewe ulikuwa umekwisha kuanza Italia na Ufaransa katika miaka ya 1970.

Baada ya hapo hupenyezwa mrija mwembamba wa chuma wenye ncha butu, nao huvuta mafuta nje. Mafuta hayo huwa yamechanganyika na damu na maji, kwa hiyo huchujwa au huzungushwa katika mashine mpaka yakajitenga. Yale safi hutiwa katika bomba la sindano na kuingizwa mahali panapotakiwa, tone kwa tone, yakitawanywa huku na huku.

Jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 1893 daktari Mjerumani, Gustav Neuber, alichukua vipande vidogo vya mafuta mkononi mwa mgonjwa akajaza kovu lililozama usoni. Tazama basi kwamba kazi ya kwanza haikuwa pambo. Ilikuwa kumtengenezea mtu uso ulioharibiwa na ugonjwa.

Mfano wa kitalu

Aliyewahi kutembelea kitalu cha chai atafahamu upesi kinachofuata. Huko Kericho, iliko Taasisi ya Utafiti wa Chai, miche mingi haioteshwi kwa mbegu. Hukatwa kipande kifupi cha kijiti chenye jani moja, kikachomekwa katika mfuko mdogo wa udongo, kikafunikwa kwa plastiki na kuwekwa kivulini. Kipande hicho hakina mizizi. Siku za mwanzo huishi kwa unyevu unaokizunguka tu, na kikikosa unyevu kabla ya mizizi kutoka, hukauka.

Mafuta yaliyohamishwa nayo ni kipandikizi. Yametolewa katika mishipa yake ya damu, na kwa siku chache za mwanzo hunyonya chakula kutoka kwenye majimaji ya nyama inayoyazunguka, mpaka mishipa mipya imeyafikia. Ndiyo sababu ya kuyatia kwa matone madogo. Bonge kubwa hufa katikati, likaacha uvimbe mgumu au uvimbe wa mafuta yaliyooza. Hata mikononi mwa fundi hodari si yote yatakayoshika: mara nyingi hubaki kama nusu au zaidi kidogo, na mengine mwili huyayeyusha katika miezi ya mwanzo. Na yale yaliyoshika hubaki kuwa mafuta kama mafuta mengine, mtu akikonda hukonda nayo, akinenepa hunenepa nayo. Anayeuza umbo la kudumu lisilobadilika anauza uongo.

Palipo na hatari

Lakini mche ukifa kitaluni, mwenye shamba hupata hasara ya mche mmoja tu. Katika makalio hasara yaweza kuwa roho ya mtu.

Chini ya ngozi ya makalio kuna tabaka la mafuta, na chini ya tabaka hilo uko msuli mnene ambamo mna mishipa mipana ya kurudisha damu moyoni. Mrija ukizama mpaka ndani ya msuli na kutoboa mshipa, mafuta huingia katika damu, yakapanda moyoni na kuziba mapafu. Mgonjwa aweza kufa pale pale mezani, au saa chache baadaye. Madaktari wa upasuaji wa nchi mbali mbali walipochunguza vifo hivyo, walikadiria mwaka 2018 kwamba huenda mtu 1 kati ya 3,000 akafa kwa kazi hii, na katika maiti waliokaguliwa walikuta mafuta ndani ya msuli. Mwaka huo huo chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake waiache kabisa. Mwaka 2022 kilirudi kuiruhusu kwa masharti: mafuta yasivuke tabaka la chini ya ngozi, na daktari autazame mrija wake kwa mashine ya mawimbi ya sauti wakati wote. Jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2022 lilimkataza daktari mmoja kufanya zaidi ya watu 3 kwa siku, maana mkono uliochoka huzama.

Kenya nayo imeonja uchungu wa upasuaji wa urembo. Mwezi wa Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa namna hiyo katika kliniki moja, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno likaifunga kliniki hiyo.

Waliopotewa na mashavu

Ningeishia hapa, wasomaji wangesema nimekuja kukataza tu. Lakini katika nchi hiyo hiyo ya chai niliona upande wa pili.

UKIMWI ulizipiga sana kambi za wachumaji wa chai. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wafanyakazi wa shamba moja la Kericho ulionyesha kwamba wagonjwa, katika mwaka mmoja na nusu kabla ya kufa au kuacha kazi, walichuma kilo 4 hadi 8 pungufu kila siku kuliko wenzao. Kisha zikaja dawa za kurefusha maisha, nazo ziliokoa watu wengi. Mojawapo ya dawa za mwanzo, stavudini, iliyotumiwa kote Kenya, ilikuwa na ila moja: iliyeyusha mafuta ya mashavu, mikono, miguu na makalio, na pengine tumbo likajaa kwa upande wa pili. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe. Lakini anayebadilishiwa dawa hurudishiwa mafuta yake polepole, na mara nyingi si yote.

Karibu na Mogogosiek, upande wa Bomet, nilizungumza na mama mmoja mchumaji wa chai aliyetumia dawa hizo zamani. Nguvu anazo, na kazini hashindwi. Linalomkera ni mashavu yaliyozama, kwa kuwa watu wa rika lake waliijua sura hiyo wakati wa maradhi, na kila amtazamaye sokoni hudhani amemjua siri yake. Hatafuti uzuri, anatafuta sitara.

Ulaya wagonjwa wa namna yake wamejazwa mashavu kwa mafuta yao wenyewe, na njia hiyo hiyo hutumika kulainisha makovu ya moto na kusawazisha ziwa lililokatwa kwa ajili ya saratani. Usoni kazi ni ya matone machache, na hatari yake ni ndogo kuliko ya makalio, ingawa hapo pia sindano ikiingia katika mshipa yaweza kupofusha jicho. Mama huyo hana wa kumfanyia, wala fedha za kulipa. Matangazo ya simu hayamtafuti yeye, yanamtafuta yule msichana wa saluni.

Dini yasemaje?

Masheikh wetu wamekwisha kupambanua jambo hili. Sahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua vitani kabla ya kusilimu. Alitengenezewa pua ya fedha, ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu haikuruhusiwa kwa wanaume. Hapo walipata wanazuoni msingi wa kuruhusu kuondoa aibu na dhara. Mwaka 2007, mjini Putrajaya, Malaysia, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliruhusu upasuaji wa kurekebisha kilema na kilichoharibiwa na maradhi au ajali, na likaukataza ule wa kubadili umbo la kawaida kwa kufuata matamanio. Kwa mizani hiyo, mama wa Mogogosiek ana udhuru, na msichana wa Litein hana.

Ajabu ni kwamba mizani ya masheikh na mizani ya matabibu hapa zimelingana. Kinachoruhusiwa kwa haja ndicho chenye hatari ndogo, na kinachokatazwa kwa matamanio ndicho kinachoua.

Soko ndilo lililopindua mambo. Kazi hii hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, katika nchi ambayo wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana mwaka 2025 kwa kupewa bonasi ndogo ya chai. Msichana asiye na fedha hizo hatafuti daktari bora, hutafuta bei nafuu, na bei nafuu ndiyo hukosa mashine, hukosa mtaalamu wa nusukaputi, na hukosa hospitali ya kukimbilia.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukimsikia binti yako akiulizia, usimtukane. Mweleze kuwa ni kisu, umweleze mafuta hupita wapi. Akishikilia, nendeni pamoja mkaulize Baraza la Madaktari kama huyo daktari na kliniki yake wamesajiliwa, mkamuulize daktari mwenyewe atautazamaje mrija wake. Asiyetaka kuulizwa maswali hayo hafai kupewa mwili wa mtu.