Msituambie "Hakujipanga", Mzee Alipangwa

Wadau, kabla hamjaanza kunishukia kwenye komenti, nisomeni kwanza mpaka mwisho. Leo sina umbea wa nani kamwacha nani. Leo nina hasira.

Juzi kati nilipanda basi la asubuhi pale Mbagala Rangi Tatu, narudi nyumbani Kilwa. Tulipovuka Daraja la Mkapa konda akachomeka flashi, kwenye skrini akatokea Mzee Small. Basi zima likawaka. Mama mmoja aliyepakata kuku, afande aliyekuwa kanuna tangu Mkuranga, hata dereva nikaona mabega yanamtikisika. Picha yenyewe imechakaa, sauti inakwaruza, lakini yule mzee akikunja uso tu, watu hoi.

Halafu dogo mmoja siti ya nyuma yangu akasema: "Huyu mzee alikuwa noma, tatizo wazee wetu hawakujipanga." Mwenzake akadakia: "Kweli bana. Hela zote zile."

Hela zipi?

Nauliza kwa sababu hii sentensi nimeichoka. Akifa mchekeshaji, hakujipanga. Akiugua mwigizaji akachangiwa matibabu, hakujipanga. Mnaiandika mkiwa kitandani, bando la usiku, mkishamaliza kucheka na klipu zake bure. Na wanaoipenda zaidi sentensi hii ndio walewale wanaokula kupitia jasho la hao wazee. Tutawafikia.

Kwa wale waliozaliwa juzi: Mzee Small ni Said Ngamba, mtoto wa Kilwa. Ndiyo, Kilwa hii hii ambayo nyie mnaijua kwa magofu na picha za kupiga ukiwa na kanga. Ni mtu wa kizazi cha jukwaani na redioni, watu waliokuwa wanachekesha kabla Bara haijawa hata na kituo cha televisheni, maana vituo vilianza 1994. Luninga zilipokuja akaingia nazo sebuleni kwetu, kanda za video zilipokuja akaingia nazo kwenye mabanda umiza, na sasa yumo kwenye flashi ya konda. Aliugua muda mrefu, akafariki tarehe 7 Juni 2014. Mtakumbuka ule msimu ulivyokuwa mbaya: Adam Kuambiana, Recho Haule na George Tyson walikuwa wametangulia ndani ya wiki chache tu. Watu walikuwa wanatoka msibani wanaingia msibani.

Sitaongelea mfuko wa Mzee Small. Familia yake ipo, na pochi ya marehemu si mada. Ninachoongelea ni kile kicheko kwenye basi. Mwenye basi kapata abiria, konda kapata sifa, aliyeuza flashi kapata buku zake, sisi tumepata safari fupi mpaka Somanga. Aliyetuchekesha na warithi wake wamepata nini? Jibu mnalijua.

Sasa nyie ni mabingwa wa wasifu wa mastaa wa Marekani. Mnajua mwigizaji gani wa tamthilia alianzia kwenye uhudumu wa mgahawa, nani kaachana na mke wa ngapi, nani ana nyumba yenye mabwawa mangapi. Safi. Lakini mbona hamuulizi zile nyumba zinatoka wapi? Wale sita wa Friends, tamthilia iliyoisha 2004, misimu ya mwisho walikuwa wanavuta dola milioni moja kila mmoja kwa kila kipindi. Unajua walifikaje? Waliingia kwenye mazungumzo ya malipo wote sita kwa pamoja, lao moja, hakuna wa kuchomolewa pembeni akalipwa kivyake. Na kipindi kikirudiwa, mwigizaji anapata chake tena. Umelala, umezeeka, umeacha kuigiza, kituo cha mbali huko kinarusha marudio, kuna kitu kinaingia.

Na msiseme Wamarekani wamezaliwa wameendelea. Waligoma. Mwaka 1960 chama cha waigizaji kiligoma, rais wa chama akiwa Ronald Reagan, huyohuyo aliyekuja kuwa Rais wa nchi. Wakatoka na malipo ya marudio kwa filamu zinazooneshwa kwenye televisheni, pamoja na mfuko wa pensheni na afya. Mwaka 2023 wakagoma tena, kuanzia Julai hadi Novemba, siku 118, kwa sababu huduma za kutazama mtandaoni zilikuwa zinawarushia visenti. Watu wenye majina makubwa walisimama barabarani na mabango juani. Yaani hata Hollywood mtu mmoja mmoja "hakujipanga". Walipangana.

Turudi Bongo. Kwa miaka mingi mchezo ulikuwa hivi: mtayarishaji anatengeneza filamu, anaipeleka kwa msambazaji Kariakoo, msambazaji ananunua jumla. Kazi imehama. Anachapa nakala ngapi, anauza mpaka lini, kesho akiiuza kwa kituo cha televisheni, kesho kutwa ikipandishwa YouTube, haikuhusu. Na wewe mwigizaji hujafika hata kwenye hiyo meza. Wewe ulilipwa lokesheni, mkononi, mara nyingi bila karatasi. Ikiwepo karatasi, ni ile ya kusaini kwamba umepokea.

Kuna kigogo mmoja wa enzi zile, jina kapuni, alikuwa anapenda kusema yeye ndiye "aliyewatoa" wachekeshaji. Kaka, uliwatoa wapi ukawapeleka wapi?

Wasomi mtaniambia sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, na ndiyo iliyozaa COSOTA. Hiyo hakishiriki ndiyo ya mtendaji: anayeimba, anayeigiza, anayecheza. Lakini sheria ikikaa kabatini mzee akiwa lokesheni Bagamoyo anasubiri nauli ya kurudia, ni pambo. Na haki unayoweza kuiuza yote kwa laki mbili kwa sababu mtoto anatakiwa shule Jumatatu, ni haki gani hiyo?

Mnamkumbuka King Majuto, Amri Athumani wa Tanga? Mwaka 2018 anaumwa, anapelekwa India, ndipo nchi nzima ikashtuka kuuliza: huyu mzee sura yake iko kwenye matangazo kila kona, mbona anachangiwa? Waziri wa habari wakati ule, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Majuto akafariki tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Serikali nzima ilibidi iingilie kusoma mikataba ya mtu mmoja, halafu wewe unaandika "hakujipanga" na emoji ya kusikitika.

Mimi mwenyewe nimepangwa, na nilikuwa na simu janja. Miaka kadhaa nyuma walikuja jamaa kushuti Kilwa Kisiwani, magofu, majahazi, bahari ile ya buluu, si mnaijua. Wakatafuta vijana wa kusimama kama mabaharia. Tukavuka na boti tangu alfajiri, tukabeba vifaa vyao mabegani, tukarudia sini moja mpaka jua linazama. Malipo: elfu kumi na tano, wali na soda. Nikasaini karatasi nimepokea, nikajiona staa. Mwaka uliofuata naona sura yangu kwenye televisheni ya jirani, tena na tena, wanauzia kitu ambacho sikuwahi kuambiwa kama ninakiuza. Nilipopiga simu kuulizia, jamaa akacheka: "Mdogo wangu, si ulisaini?"

Nilisaini, eeh. Ndiyo kupangwa kwenyewe.

Na kinachoniuma kama mtu wa Kilwa ni hiki. Watoto wa shule wanaopelekwa matembezi Kisiwani wanafundishwa kwamba masultani wa pale walitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Hawakuichimba wao. Walitoza ushuru. Mzigo ukipita, unalipa, na walikuwa na sarafu zao wenyewe. Miaka mia saba iliyopita watu wa mji huu walijua kwamba kitu cha thamani hakipiti mlangoni kwako bure. Leo kicheko cha mtoto wa Kilwa kinapita Mbagala, kinapita Kariakoo, kinapita YouTube, hakuna hata forodha moja.

Kuna chaneli moja mtandaoni, nayo jina kapuni, kila mwaka siku za kumbukumbu za marehemu hawa inapandisha klipu zao na maneno "tutakukumbuka daima legend wetu". Matangazo mawili mwanzoni, moja katikati. Kumbukumbu gani ina matangazo katikati?

Najua mtasema soko letu dogo, hela hakuna. Hela ipo. Nani anawalipa hao mnaowaona kwenye mabango ya kubeti na ya mitandao ya simu? Shida haijawahi kuwa hela kidogo, shida ni kwamba hata hiyo kidogo inalipwa mara moja wakati kazi inatumika miaka ishirini.

Nyie madogo mnaorekodi klipu za kuchekesha pale ufukweni Masoko na Lindi mjini, nawaona, mna vipaji vya kufa mtu. Kampuni ikikufuata DM na laki tatu ya "kushirikiana", usijibu "sawa bosi" na mikono miwili ya shukrani. Muulize: tangazo litatumika miezi mingapi? Mtandaoni tu au na televisheni? Mkitaka kurudia mwakani, mnanilipa tena? Akikasirika, umeshajua alichokuja kufanya. Na mwenzako akikataa bei ya kinyonge, usimtumie yule bosi meseji kwamba wewe utafanya kwa nusu. Hapo ndipo tunapouana, tena wenyewe kwa wenyewe.

Tulipofika Nangurukuru wa kwenda Masoko tukaanza kushusha mizigo. Nikamfuata konda, nikamuuliza ile flashi kaitoa wapi. "Kuna jamaa Mbagala anajaza. Buku mbili, picha kibao." Nikamuuliza kama anajua yule mzee ni mtu wa hapa hapa Kilwa. Akanitazama kama namtania. "Acha bana! Wa hapa?" Akafurahi kweli, akamwita hadi dereva amwambie. Halafu akatoa simu mfukoni: "Nikurushie, kaka?"

Nikawasha bluetooth.