Bakteria wa maziwa ya magadi: Nani avune?

WATALII wanaofika Ziwa Bogoria huwatazama heroe na chemchemi zinazotokota, kisha wakaondoka. Utajiri ulioigombanisha Kenya na wafanyabiashara wa ng'ambo umo ndani ya matope, na hauonekani kwa macho.

Maji ya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa ni makali, na samaki wengi hawawezi kuishi humo. Bakteria, kinyume chake, wamestawi kwa aina nyingi. Wapo wanaotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na hao ndio mlo wa heroe wadogo. Wapo wanaoishi matopeni pasipo hewa. Katika Ziwa Magadi kuna arkea, viumbe wanaofanana na bakteria, wanaoyapa maji rangi nyekundu.

Thamani yao imo katika vimeng'enya wanavyotoa. Maji ya sabuni ya kufulia nayo yana ukali wa magadi, hivyo kimeng'enya kilichozoea Bogoria hakiharibiki ndani ya mashine ya kufulia.

Mwaka 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) lililalamika hadharani kwamba kampuni moja ya Marekani ilinufaika na vijidudu vya maziwa hayo bila idhini kamili, vikiwamo vya kupausha suruali za jinzi. Kampuni hiyo ilikana kosa. Mwaka 2006 Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti uchukuaji wa sampuli, na mwaka uliofuata KWS ikatia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark.

Tatizo ni kwamba kanuni hizo zilitungwa kumzuia mtu mwenye chupa ya matope, na siku hizi chupa haihitajiki. Mfano ni kiumbe Natronobacterium gregoryi, kilichotoka Magadi. Mbegu yake imehifadhiwa Ujerumani na ramani ya jeni zake inapatikana kwenye intaneti. Mwaka 2016, wanasayansi wa China walidai wametumia protini yake kuhariri jeni. Makala yao yalifutwa mwaka 2017 baada ya wengine kushindwa kurudia matokeo hayo. Dai hilo lingethibitika, mabilioni yangeanza kuhesabiwa, na hakuna aliyelazimika kufika Magadi kuomba kibali.

Mataifa yamejaribu kuziba pengo hilo. Mkataba uliopitishwa Geneva Mei 2024 unataka mwombaji wa hataza aitaje nchi ilikotoka rasilimali ya jeni. Hata hivyo, kosa la kutoitaja peke yake halitoshi kuibatilisha hataza, isipokuwa pakiwapo udanganyifu. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, unazitaka kampuni zinazotumia taarifa za jeni kuchangia sehemu ya faida au mapato yao. Angalau nusu ya fedha imekusudiwa jamii za asili na za wenyeji. Lakini mchango ni wa hiari, na hiari ya mfanyabiashara inajulikana.

Hapo ndipo jamii ya Endorois, iliyoondolewa kandokando ya Bogoria kuanzia mwaka 1973, inapoingia. Mwaka 2010, uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliitaka Kenya kuwarejeshea ardhi na kuwapa mgao wa mapato ya shughuli za kiuchumi zilizopo. Utekelezaji umesuasua tangu wakati huo.