Tikiti ya Chama Kidogo
Msimu wa uteuzi ukiwadia hapa Nakuru, macho yote huwa kwenye mchujo wa chama kikubwa, kana kwamba kura ya Agosti ni ya kukamilisha ratiba tu. Mimi sikubali. Sheria haimbagui mgombea wa chama kidogo: akifika kwa msimamizi wa uchaguzi na cheti cha uteuzi cha chama kilichosajiliwa, fomu ya uadilifu ya tume ya kupambana na ufisadi (EACC) iliyojazwa na ada ya tume ya uchaguzi (IEBC), jina lake litachapishwa kwenye karatasi ileile ya vigogo. Mwaka 2022 ada ya kiti cha wadi ilikuwa Sh5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mgombea huru ndiye mwenye kibarua, maana lazima aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi yake. Na Bonde la Ufa si shamba la mtu: mwaka huohuo, wimbi la UDA likivuma, Tiaty ilimrudisha William Kamket bungeni kwa tikiti ya KANU. Kinachowaangusha wadogo ni siku yenyewe ya kura, kwa kuwa chama kisicho na pesa hakina wakala wa kukesha kituoni hadi Fomu 36A ya matokeo ya wadi itiwe sahihi. Anayenuia kusimama 2027, awe wa Njoro au Rongai, apunguze bajeti ya mabango na aanze sasa kusaka mawakala, kituo kwa kituo.