Mashine Nayo Ionyeshe Njia

Katika mtihani wa hesabu, mwanafunzi aandikaye jibu tu bila kuonyesha njia hapati alama zote. Nadhani yafaa mashine nazo zipimwe hivyo hivyo.

Siku hizi wengi husifu akili mnemba itoayo jibu kama mpiga ramli, bila sababu. Lakini iko njia nyingine. Katika miaka ya 1970, Edward Shortliffe, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitengeneza MYCIN, programu ya kuwashauri madaktari juu ya maambukizo ya damu. Ilikuwa na mamia ya kanuni za "ikiwa hivi, basi vile". Daktari alipouliza kwa nini, ilimwonyesha kanuni yenyewe.

Hapa Tanzania, Dakta Amani Shao na wenzake walipima ALMANACH, mwongozo wa kanuni uliowekwa katika simu kwa ajili ya kutibu watoto. Matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa watoto 15 katika 100 walipewa antibiotiki, na kwa matibabu ya kawaida 84. Wala waliopona hawakupungua. Hii ni faida kubwa, maana dawa hizo zikitolewa ovyo vijidudu huzizoea.

Wengine watasema kanuni huandikwa na watu, na watu hukosea. Ni kweli. Lakini kanuni mbovu huonekana, ikasahihishwa. Kosa lililofichika nani atalisahihisha?

Wenzangu mtakaosomea kompyuta, tengenezeni mashine zinazojieleza. Mama wa Kariakoo anayempeleka mwanawe zahanati ana haki ya kujua kwa nini amepewa dawa, au kwa nini amenyimwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Jangwani